Tahadhari: Dawa Unayojipaka Inaweza Kumuua Paka Wako

Kama unachua goti, bega au kiuno kwa dawa ya kupaka, na paka wako hulala kitandani mwako au hujikunja miguuni pako, tafadhali soma maneno haya kabla hujajipaka tena usiku wa leo. Dawa inayokutuliza wewe inaweza kuharibu figo za paka ndani ya siku chache. Si lazima umpe wala umpake. Inatosha ujipake mwenyewe, ujilaze, naye aje kukulamba mkono na kujisugua mguuni pako kama alivyozoea kila siku.

Naandika kwa haraka kwa sababu dawa hizi zimejaa majumbani mwetu. Jeli ya diklofenaki haikosekani katika maduka ya dawa, na watu wengi huinunua bila kuandikiwa na daktari. Bibi anayo kwa ajili ya magoti, fundi anayo kwa ajili ya mgongo, kijana anayo kwa ajili ya kifundo cha mguu alichoteguka uwanjani. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi humwambia mnunuzi aiweke mbali na watoto. Kuhusu paka, mara nyingi haisemi neno. Muuzaji naye haulizi kama nyumbani kuna paka, wala mnunuzi hafikirii kumtaja.

Mambo haya yameshatokea na yameandikwa. Aprili 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa wafugaji wa wanyama baada ya kupokea taarifa za paka wa nyumba mbili. Wenye nyumba hizo walikuwa wakijipaka dawa ya maumivu shingoni au miguuni. Ndani ya dawa hiyo mlikuwa na flurbiprofeni, ambayo ni ya ukoo mmoja na ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na dawa ya kulegeza misuli na viambato vingine. Hakuna aliyempaka paka. Katika nyumba ya kwanza figo za paka wawili zilishindwa kufanya kazi, wakatibiwa, wakapona. Katika nyumba ya pili paka wawili walikataa chakula, wakazubaa, wakatapika, wakanya choo cheusi chenye damu, wakaishiwa damu mwilini, na mkojo wao ukawa mwepesi kama maji. Wote wawili walikufa, ingawa walikuwa mikononi mwa madaktari. Kisha paka wa tatu wa nyumba hiyohiyo naye akafa, na huyo alikufa wakati mwenye nyumba ameshaacha kuitumia ile dawa.

Mizoga ya paka watatu ilipopasuliwa na kuchunguzwa, yalionekana madhara yanayolingana na sumu ya dawa za ukoo huo. Njia hasa ambayo dawa iliwafikia haikuthibitishwa. Lakini anayejua maisha ya paka anaweza kuzitaja njia zote bila kufikiri sana: mkono unaompapasa, shuka, mto, kochi, sweta lililoachwa kitini, kitambaa cha kupakia kilichotupwa pembeni. Kinachogusa manyoya ya paka huishia mdomoni mwake, kwa kuwa paka hutumia sehemu kubwa ya saa zake za kuwa macho akijilamba, na ulimi wake wenye miiba midogo huchota kila kitu kilichonata.

Nakuomba umfikirie zaidi yule paka wa tatu. Huenda figo zake zilikuwa zimeshaumia kabla dawa haijasimamishwa. Huenda dawa ilikuwa bado imo kwenye mablanketi na mazulia. Kwa vyovyote vile, kifo chake kinatuambia kwamba kuacha kujipaka pekee hakutoshi. Nyumba nayo lazima isafishwe, na paka apimwe hata kama bado anacheza.

Tazama hesabu ya jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Kila gramu moja ya jeli ina miligramu 10 za dawa. Maelekezo ya kawaida kwa goti la mtu mzima ni gramu 4 kwa mpako mmoja, hadi mara nne kwa siku. Kwa hiyo mpako mmoja tu una miligramu 40. Katika dawa hiyo, kiasi kinachofika kwenye damu ya binadamu ni kidogo mno, takriban asilimia 6 ya kile ambacho kingefika kama mtu angemeza kidonge. Hiyo ndiyo sababu madaktari huipenda kwa wazee wenye tumbo bovu. Sehemu kubwa ya ile iliyobaki iko juu ya ngozi na kwenye nguo. Paka mzima ana uzito wa kilo nne hivi. Goti ulilolipaka ni sahani uliyomwekea chakula mnyama mwenye uzito sawa na kichanga, naye anailamba mpaka iwe safi.

Dawa za ukoo huu hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo mwili hutengeneza penye jeraha na uvimbe. Kemikali hizohizo, hata hivyo, ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kuhakikisha damu inaendelea kutiririka vizuri kwenye figo. Zikizuiwa kupita kiasi, tumbo huchimbika vidonda na figo hukosa damu. Figo ya paka ikifa sehemu, sehemu hiyo haioti tena. Lililo baya zaidi ni kwamba vipimo vya kawaida vya damu huanza kuonyesha tatizo wakati kazi kubwa ya figo imeshapotea.

Kama unadhani diklofenaki ni dawa nyepesi, kumbuka yaliyowapata tumbusi wa Asia ya Kusini. Tangu miaka ya 1990 ndege hao walianza kuanguka wakiwa wafu India, Pakistani na Nepali, hadi baadhi ya jamii zao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistani walionyesha chanzo: tumbusi walikula mizoga ya ng'ombe waliokuwa wametibiwa kwa diklofenaki, figo zao zikafa. Mwaka 2006 nchi hizo tatu ziliipiga marufuku kwa mifugo. Hakuna mtu aliyempa tumbusi dawa. Mgonjwa alikuwa ng'ombe, aliyekufa ni ndege. Ndivyo ilivyo na goti lako na paka wako.

Paka ana udhaifu mwingine tena, wa kuzaliwa nao. Ini la binadamu na la mbwa hufunga aina nyingi za kemikali kwa sukari maalumu ili zitoke mwilini kwa mkojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba jeni moja muhimu inayotengeneza kimeng'enya cha kazi hiyo imeharibika kwa paka. Ipo, lakini haifanyi kazi. Baadaye ikaonekana kwamba ukoo mzima wa paka uko hivyo, hata simba wa Serengeti na chui wa milimani. Wamekula nyama kwa vizazi vingi mno, hawakuwa na haja ya kupambana na sumu za mimea, na silaha hiyo ikafa. Matokeo yake baadhi ya dawa ambazo mwili wako huzimaliza kwa saa chache hukaa kwa paka kwa siku kadhaa. Aspirini ni mfano mzuri: kwa mbwa nusu yake huondoka baada ya saa 8 hivi, kwa paka huchukua saa 38 au zaidi. Ukimwekea dozi ya pili kesho, ya jana bado imo.

Hapo ndipo dawa zetu za kuchua zinapoingia. Balmu na mafuta ya kuchua yenye harufu kali, yale yanayochoma kisha yakapoza, mengi yana salisilati, ndugu wa aspirini, pamoja na menthol na kafuri. Mafuta ya mkaratusi ni hatari kwa paka. Mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yana kemikali ya aina ileile ambayo ini la paka haliiwezi. Najua wako wanaosema kwamba kitu cha asili hakidhuru. Kwa paka usemi huo ni wa uongo, na umewaua paka waliopakwa mafuta ya mimea na wenyewe waliotaka tu kuwafukuzia viroboto.

Dawa za ngozi nazo zina habari zake. Ile dawa nyeupe ya maji ya upele inayoitwa BBE ni sumu kwa paka. Krimu ya upele yenye permetrini humfanya atetemeke, misuli irukeruke, kisha apate degedege. Na matone ya viroboto ya mbwa, ambayo hubeba permetrini nyingi zaidi, ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za paka kufa kwa sumu. Marhamu ya Whitfield ya fangasi imetengenezwa kwa asidi benzoiki na asidi salisiliki, na paka hana uwezo wa kupambana na yoyote kati ya hizo mbili. Dawa za ganzi zilizomo kwenye krimu za bawasili na za kuwashwa, hasa benzokaini, huigeuza damu ya paka iwe ya rangi ya kahawia na ishindwe kubeba hewa. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na steroidi kali, na nyingine zina zebaki, ambayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya na Tanzania lakini bado inauzwa kwa siri. Zebaki huua figo za binadamu, seuze za paka.

Minoksidili inahitaji nafasi yake, kwa kuwa vijana wengi mijini sasa wanaipaka kichwani na kidevuni wakitafuta nywele na ndevu. Awali ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Paka akilamba kiasi kidogo sana, hata matone yaliyodondoka kwenye foronya, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla, moyo ukaenda mbio, na maji yakajaa mapafuni. Wapo paka waliokufa kwa njia hiyo. Dawa hii mara nyingi hupakwa pia usiku, kidevu hulala juu ya mto, na mto ndio mahali anapopapenda paka kuliko pengine pote. Ukiniuliza maoni yangu, nyumba yenye paka anayelala chumbani haifai kuwa na minoksidili ya maji.

Kuna krimu moja ambayo siwezi kuipita. Fluorourasili hutumika kutibu madoa ya jua yanayoweza kugeuka saratani ya ngozi, na kliniki za ngozi huwapa pia watu wenye ualbino. Kwao ni dawa inayookoa maisha, na hakuna anayepaswa kuiacha. Lakini Januari 2017 FDA ilitangaza kwamba mbwa watano walikuwa wamekufa baada ya kula krimu hiyo kwa bahati mbaya. Mmoja alianza kutapika na kupata degedege ndani ya saa mbili baada ya tyubu kutobolewa, na saa 12 baadaye akawa amekufa. Tangazo hilo lilisema paka nao wanatarajiwa kuathirika vibaya sana. Kama wewe au mwanao mnaitumia, tyubu ikae ndani ya kabati lililofungwa, wala paka asilale na aliyepakwa.

Sasa dalili. Paka ni mnyama anayeficha maumivu, kwa hiyo ukiona jambo dogo, lichukulie kubwa. Akikataa chakula siku nzima, akijificha chini ya kitanda, akitapika, akidondosha mate, akitembea kama mlevi, akitetemeka, akihema mdomo wazi, choo kikiwa cheusi kama lami, ufizi ukiwa mweupe au wa rangi ya udongo, akinywa maji mengi na kukojoa sana au akikoma kukojoa kabisa, usingoje asubuhi. Kwa dawa kama minoksidili na permetrini mambo huharibika kwa saa. Kwa jeli za maumivu figo zinaweza kuonyesha ubaya baada ya siku kadhaa, na mtu akaanza kulaumu samaki aliyekula juzi.

Ukimkuta analamba ngozi au nguo yenye dawa, au manyoya yake yamepakazika, mzungushie taulo asiendelee kujilamba, kisha mwoshe sehemu hiyo kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, umsuuze vizuri na umkaushe. Kama tayari anatetemeka au ana degedege, usipoteze muda kumwogesha. Mkimbize kwa daktari. Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula, chumvi wala maji ya mkaa, mambo ambayo wengi wetu tumezoea kuyafanya mnyama akila sumu. Yanaweza kuingia mapafuni na kumuua kabla ya ile dawa.

Na kwa jina la Mungu, usimpe Panadol. Nalisema hili peke yake kwa kuwa ndilo kosa linalofanywa kwa moyo mwema kuliko yote: paka anaonekana anaumwa, mwenyewe anamsagia nusu kidonge. Panadol ni parasetamoli, dawa ambayo ini la paka haliwezi kuiondoa ipasavyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Damu yake hubadilika rangi, uso na nyayo huvimba, na hukosa hewa huku akipumua.

Jambo ambalo nataka kila mwenye paka alishike ni hili: daktari wa wanyama atakuuliza paka amekula nini, nawe utajibu samaki na wali, ukaamini umesema kweli. Hatakuuliza wewe unajipaka nini. Mwambie bila kuulizwa. Beba tyubu yenyewe au boksi lake, ili asome jina la dawa na kiwango chake. Hili linaweza kuamua kama paka ataishi, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kumdunga dawa ya maumivu ya ukoo uleule na kummaliza. Akijua, ataanza dripu ya kulinda figo, mara nyingi kwa siku mbili hadi tatu, na dawa za kulinda tumbo. Au dawa za kutuliza mtetemeko. Au dawa ya kupambana na parasetamoli, ambayo ipo. Wala usione haya. Watu huficha dawa ya bawasili, huficha mkorogo, huficha minoksidili, na daktari anabaki anapapasa gizani. Siri yako haina thamani ya uhai wa mnyama anayekutegemea.

Madaktari wa wanyama wadogo ni wachache nje ya miji mikubwa, nalijua. Afisa mifugo wa kata anaweza kuwa amezoea ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo mpigie, na umwombe awasiliane na wenzake wa hospitali za kufundishia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Tafuta namba leo, paka akiwa mzima. Usiku wa dharura si wakati wa kuanza kuulizia.

Sisemi uache dawa yako. Mzee anayeamka kwa maumivu anastahili nafuu, na mwenye upele anastahili kupona. Mwulize daktari wako au mfamasia kama kuna njia nyingine, kwa mfano kidonge kinachokaa ndani ya chupa iliyofungwa, iwapo tumbo na figo zako zinakiweza. Kama lazima ujipake, jipake mbali na paka, acha dawa ikauke, kisha funika mahali hapo kwa nguo au bandeji ikiwa daktari ameruhusu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, isipokuwa pale ambapo mikono yenyewe ndiyo inayotibiwa. Hapo vaa glavu za pamba au mwache mwingine amlishe. Pamba, kijiti na kitambaa cha kupakia vitupwe kwenye pipa lenye mfuniko. Fua shuka, foronya na kanga ulizolalia. Kama dawa ni miongoni mwa zile kali nilizozitaja, paka alale nje ya chumba, hata akilia mlangoni. Atazoea.

Nyumba za pwani zina paka wanaoingia na kutoka, wasio wa mtu mmoja. Analala kwa Mama huyu, anakula kwa Bi yule, mchana yuko barazani kwa wazee. Hapo tahadhari ya nyumba moja haitoshi. Mwambie jirani. Mwambie babu anayempakata paka huku goti lake linanuka dawa ya kuchua. Wauzaji wa maduka ya dawa nao nawaomba waongeze swali moja tu dirishani wanapouza jeli ya maumivu, dawa ya upele au minoksidili: nyumbani una paka? Na wewe uliyesoma hadi hapa, inuka sasa uangalie tyubu yako iko wapi. Kama iko wazi kwenye stuli pembeni mwa kitanda, ifunge na uitie kabatini.